Sauti Iliyokatwa Mwanzoni

Siku yangu ya kwanza redioni nilitumwa uwanja wa ndege wa Luano kuangalia ndege iliyoanguka. Ndege yenyewe haikuwa imeanguka.

Naanzia hapo kwa kuwa ninyi vijana mnaobaki kazini mmeniomba niandike, na kwa kuwa siku ya kuniaga vyeo vyangu vilisomwa kwa urefu mpaka mwenyewe nikaanza kusinzia. Vyeo havimfundishi mtu kazi. Tena mtanivumilia Kiswahili changu. Baba yangu, fundi wa kushona aliyetoka Kasongo, Maniema, hakuruhusu Kiswahili cha barabarani ndani ya nyumba. Nje tulisema "bantu", mezani tulisema "watu". Wenzangu wanapoongea humu nitawaacha waongee walivyoongea. Ninapoandika mwenyewe, baba bado amesimama nyuma ya kiti changu.

Asubuhi hiyo, basi, mji ulikuwa unalia. Wanawake walikuwa wamekaa chini mbele ya nyumba, wengine wamevua vitambaa vya kichwa, na kila mtu alikuwa na jirani mwenye ndugu aliyekuwa ndani ya ndege hiyo. Mhariri wetu alikuwa Papa Tshibangu, mtu wa Kasai aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Alikuwa na sauti ndogo, na kola yake ilifungwa mpaka juu hata wakati wa joto kali. Watangazaji walimzunguka, kila mmoja akitaka kukimbilia maikrofoni. Yeye aliuliza swali moja tu.

"Nani njo aliona?"

Aliyeona kwa macho yake hakuwepo. Mmoja alisikia kwa shemeji yake, mwingine kwa muuza mkate, wa tatu alisikia watu wakilia akaelewa mwenyewe. Papa Tshibangu akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na viatu vipya.

"Zaina, weye uko mupya, haujasikia mambo mingi. Enda uone."

Nilipofika Luano nilikuta ndege imesimama kwa magurudumu yake yote. Ilikuwa imechelewa tu, ikazunguka juu kwa muda kabla ya kutua, na watu waliokuwa wakiitazama kutoka mbali walimalizia hadithi wenyewe. Abiria walikuwa wakitafuta mizigo yao. Mama mmoja alikuwa amekuja na ukoo mzima kuomboleza, na mume wake akatoka mlangoni na begi begani, akawakuta wanalia. Akauliza, "Nani amekufa?" Yule mama alivua kandambili, akampiga nayo mgongoni, ndipo akamkumbatia.

Nilirudi nimejaa vumbi na hadithi hiyo. Papa Tshibangu akanikalisha mbele ya maikrofoni nisome mwenyewe: ndege iko Luano, haijaanguka, mtangazaji wetu ameiona. Baadaye aliniambia kwamba habari ya jambo lililotokea kila mtu anaweza kuipata. Ngumu ni habari ya jambo ambalo halikutokea, kwa sababu hakuna cha kupiga picha.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na kinasa sauti kizito kama tofali, na betri zake tulizianika juani zilipochoka ili zitupe dakika chache za mwisho. Sauti tuliihariri kwa wembe: unasikiliza utepe, unautia alama kwa penseli, unaukata, unaunganisha kwa gundi. Wiki zangu za mwanzo Papa Tshibangu aliniita nitazame. Alichukua mahojiano ya mkuu wa soko, akakata neno moja dogo, akaunganisha, akanichezea. Yule mzee, aliyekuwa amekataa katakata soko kuhamishwa, sasa alikuwa anaomba lihamishwe, kwa sauti yake mwenyewe, kwa pumzi yake mwenyewe. Papa Tshibangu akautupa utepe huo kwenye ndoo.

"Unasikia? Wembe haikuongeza kitu. Ilitosha tu. Juu ya ile, ukisikia sauti ya muntu, usisikie paka ile anasema. Usikie pia fasi anaanzia."

Kwetu "paka" ni tu, "fasi" ni mahali, na "kutosha" ni kutoa, kuondoa. Neno hilo litarudi, na mtaona madhara yake.

Miaka ilipita, nayo ilikuwa mingi. Papa Tshibangu alistaafu, akarudi Kananga, kwao Kasai, ambako hakuwahi kuishi, akafa huko. Wembe ukaondoka, kompyuta zikaja. Kisha kila mtu akawa na redio yake mfukoni. Zamani watu walitusikiliza sisi ndipo wakabishana. Sasa walikuja mlangoni kwetu na simu mkononi kutuuliza kwa nini hatujatangaza kitu ambacho mji mzima umekwisha kukijua. Mara nyingi kitu chenyewe kilikuwa kama ile ndege. Ndipo wakubwa wakaamua kwamba, badala ya kukimbiza kila uongo baada ya kuzaliwa, tuingie mashuleni tuwafundishe watoto kuutambua. Wakatafuta mtu mwenye subira. Walikosa, wakanipeleka mimi.

Somo langu la kwanza lilikuwa katika shule moja ya sekondari mtaa wa Ruashi, na lilikuwa baya. Niliandika ubao mzima: chanzo, ushahidi, tarehe, nia. Wanafunzi walinakili kwa utii, kama wanavyonakili mito ya Asia. Mwishoni msichana mmoja aliyeitwa Nadège akanyoosha mkono.

"Madame, na kama ni mama yangu njo ananitumia ile habari?"

Darasa likacheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Nikaelewa kwamba ubao wangu wote ulikuwa hauna jibu la swali hilo. Kwetu mtoto hamwambii mama yake kwamba anasema uongo. Hata mtu mzima hamwambii. Nikifundisha watoto kuwasahihisha wazazi, nitawaletea makofi nyumbani, na uongo utabaki pale pale.

Nilikwenda nyumbani nikaanza upya. Kutoka siku hiyo sikutumia tena neno "uongo" darasani mpaka mwisho wa somo. Niliwafundisha kuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua: "Mama, ni nani alikuambia? Na yeye alikuwa pale?" Kisha: "Leka," yaani acha, "tuangalie pamoja." Tuliyafanyia mazoezi kama mchezo wa kuigiza, mmoja mama, mmoja mtoto. Wasichana waliigiza mama zao vizuri mno, hata ikabidi nifunge madirisha. Nadège huyo sasa ni mwenzenu, mnamjua. Mwulizeni kuhusu mama yake.

Picha nazo zilikuwa na mafunzo yake. Nilileta picha zilizosemekana kuwa za mtaa wa Katuba "jana", wanafunzi wakatafuta vibao vya maduka, rangi ya teksi, nguo za watu. Picha ya mvua kubwa ya Januari ambamo watu wote wamevaa makoti ya baridi ya Juni, hiyo waliikataa kabla sijamaliza kuigawa. Mmoja aliona usukani uko kulia akasema ni Zambia. Wenzake wakamzomea, maana nusu ya magari ya mji huu yana usukani kulia. Lazima uangalie gari linapita upande gani wa barabara. Siku hizi kuna picha zinazotengenezwa na mashine, na mwanzoni tulikuwa tukihesabu vidole. Sasa vidole vimetimia. Kwa hiyo tumerudi kwenye swali la zamani, la nani aliona.

Kazi ngumu kuliko zote iliniangukia katika shule moja ya msingi ya Katuba, ambako nilikuwa na kikundi cha darasa la sita. Mkuu wa shule alikuwa Directeur Ilunga, mtu mrefu, mpole, mwenye kupenda hotuba. Asubuhi hiyo alikuwa amewakaribisha wageni wenye makoti meupe. Walikuja kupima macho ya watoto, kuona ni nani hasomi vizuri ubaoni. Hawakuwa na sindano wala dawa yoyote. Walikuwa na karatasi yenye herufi kubwa na ndogo, waliyoitundika ukutani.

Nilikuwa nimeanza somo niliposikia kelele langoni. Mwanzo nilidhani ni mpira. Kisha nikasikia jina la mtoto likiitwa kwa sauti ya mwanamume, tena na tena. Nikatoka.

Wazazi walikuwa wamejaa barabara nzima, na wengine walikuwa bado wanakuja mbio, wanawake wenye watoto mgongoni, mafundi wenye mikono ya saruji. Mbele kabisa kulikuwa na mwanamume aliyeacha pikipiki yake imelala chini, injini inanguruma. Baadaye nilijua anaitwa Papa Djo, ni dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria.

"Mutoto wangu iko wapi? Munipe mutoto wangu!"

Nyuma yake watu walipiga kelele kwamba watoto wanapigwa sindano za kuua. Directeur Ilunga alipanda juu ya ngazi. "Bazazi, mutulie! Hakuna sindano hapa. Ni macho tu. Banapima batoto macho!"

Nilimwona mama wa mstari wa mbele akisikia vizuri. Niliona akigeuka kumwambia wa nyuma yake, na wa nyuma akigeuka. Na kutoka mwisho wa umati, pale ambapo maneno ya Directeur hayakufika, sauti ikapaa: "Banatosha batoto macho!" Wanawatoa watoto macho. Katika kazi yangu yote nimeshika mikia ya uvumi. Siku hiyo, kwa mara ya pekee, niliuona ukizaliwa, na haukuwa na baba mwovu. Ulizaliwa na watu wenye hofu waliosimama mbali mno.

Umati ukasukuma. Lango lilishika, ila ukuta wa matofali pembeni haukushika. Ulianguka kwa ndani, na mtoto wa darasa la tatu, Merveille, aliyekuwa amekimbilia hapo kumtafuta dada yake, akaangukiwa mguuni. Jiwe likampata Directeur juu ya jicho. Alifuta damu kwa tai yake, akajaribu kuendelea na hotuba.

Nikamshika mkono. "Directeur, tusibishane nao. Tuwape watoto."

"Lakini Madame, watafikiri ni kweli."

"Wafikiri. Mtu anayemtafuta mtoto wake hasikii kitu mpaka amshike."

Alinitazama, damu ikimshuka shavuni, kisha akakubali. Walimu walitoa watoto darasa kwa darasa. Kila mwalimu aliita jina, mzazi akanyoosha mkono, mtoto akapita. Sijapata kuona kelele ikishuka namna ile. Kadiri kila mzazi alivyompata wake, alimgeuza, akamtazama macho, akampapasa mikono, na nguvu ikamtoka. Wengine walikaa chini hapo hapo kwenye vumbi. Merveille alibebwa na mwalimu wake pamoja na mmoja wa wale wenye makoti meupe, wakampeleka hospitali. Mguu ulikuwa umevunjika.

Papa Djo alikuwa amemkumbatia binti yake. Nilipokaribia, alinipa simu yake bila kuombwa.

"Sikia weye mwenyewe, Madame. Ungefanya nini?"

Juu kulikuwa na maandishi: wazazi wakimbie mashuleni, wanaua watoto. Chini yake kulikuwa na sauti. Ilikuwa ya mwanamke anayelia, kilio cha kweli. Nimesikia vya kuigiza, najua tofauti. Alisema: "...lichelewa. Balimupiga sindano, na kesho yake mutoto anakufa. Musiache batoto benu! Musiache!" Hapo ikaisha.

Niliicheza mara kadhaa. Kila mtu alikuwa amesikia sindano na kifo. Mimi nilisikia jinsi ilivyoanza: nusu ya neno. Hakuna mtu anayeanza kulia katikati ya neno.

"Ungefanya nini?" Papa Djo aliuliza tena.

"Ningekimbia kama weye," nikamwambia, nikimwomba baba yangu radhi kwa hilo "weye". Ni kweli. Ningekimbia.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya miguu. Papa Djo alisema atanibeba kwa moto yake popote, bure, na alishika neno lake. Tulirudi nyuma mtu kwa mtu. Yeye aliipata sauti katika kikundi cha madereva. Dereva aliyeituma humo aliipata kwa kinyozi wa Ruashi. Kinyozi aliipata kwa mteja wake, mwimbaji wa kwaya. Kila mlango tulioubisha tulipewa jibu lile lile: "Na miye balinitumia vile vile." Nilitegemea kukutana na mchonganishi. Nilikutana na watu waliotuma kwa dada zao, kwa wake zao, kwa majirani wenye watoto, na kila mmoja alidhani anaokoa mtu. Kumbukeni hilo mtakapokuwa mnafundisha. Ukimwingilia mtu kama mwizi, ataficha simu yake, na njia itakatika hapo.

Yule mwimbaji aliikuta hivyo hivyo katika kikundi cha kwaya, hakujua nani aliiweka humo, akatupeleka kwa mwenzake wa kikundi cha maombi aliyekuwa na msiba, Mama Julie, aliyekuwa akikaanga mikate mbele ya nyumba ambayo haijapauliwa nusu yake, upande ule wa Ruashi ambako vumbi la mgodi hukaa juu ya kila kitu. Tulipomchezea sauti, aliweka mwiko chini.

"Ni mudogo wangu," akasema. "Ni Mama Ketsia, wa Katuba. Lakini hii haiko yote. Yote iko kwangu."

Akafungua simu yake. Sauti ile ile, ila sasa ilikuwa na mwanzo, uliomwita Mama Julie "Yaya", yaani dada mkubwa, na ilikuwa na mwisho.

"Yaya, niko nalia tu, sina na nguvu. Dokta alisema ni malaria, ilimupanda mu kichwa. Homa ilimushika siku mingi, miye nilikuwa nangoja baba yake atume neno. Tulichelewa. Balimupiga sindano, na kesho yake mutoto anakufa. Musiache batoto benu! Musiache na homa, Yaya. Mutoto akiwaka moto, mukimbie naye ku hospitali mbio."

Papa Djo alivua kofia yake. Mikate ilikuwa inaungua na hakuna aliyeitoa.

Mama Julie alikuwa ameituma kwa wenzake wawili wa maombi, wamwombee mdogo wake. Baada ya hapo, mahali fulani kati ya maombi na kinyozi, mwanzo na mwisho vilianguka. Sikumpata aliyevikata. Labda ni mtu mbaya. Labda ni mtu aliyeshika simu moja karibu na nyingine ili anase sauti, akachelewa kuiwasha, akawahi kuizima. Maandishi ya juu yaliongezwa na mwingine aliyeogopa. Mnaweza kukasirika kwamba hadithi haina mhalifu. Mimi pia nilikasirika kidogo.

Nilipoleta habari redioni, mhariri wa wakati huo, Fiston, kijana mwerevu mwenye haraka, alifurahi.

"Madame, tumemupata! Jina yake nani? Inapita mu habari ya leo."

"Jina halipiti."

"Wengine batatutangulia."

"Watangulie. Mtoto wake amekufa, Fiston."

Alikunja uso, kisha akaniuliza kama nina usafiri wa kwenda Katuba. Moyo wake ulikuwa mzuri. Mguu ndio ulikuwa ukitangulia.

Tulichelewa kidogo hata hivyo. Majirani walikuwa wameitambua sauti. Nilikuta maji machafu yamemwagwa mlangoni kwa Mama Ketsia na neno "wongo" limeandikwa ukutani kwa makaa. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia atafute pengine. Mume wake alikuwa mbali, machimboni upande wa Kolwezi. Binti yake Ketsia, wa miaka kama kumi, alinifungulia mlango kwa upana wa jicho moja.

Mama mwenyewe alikuwa amekaa chini nyuma ya nyumba, bado na kitambaa cha msiba. Hakusimama.

"Na weye pia unakuya kunitukana?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukupa pole."

Nikakaa naye chini. Kinasa sauti nilikiacha ndani ya mfuko, na ninyi fanyeni hivyo. Kifaa kikitoka kabla ya pole, hutapata kitu chenye thamani. Tulikaa muda mrefu. Ketsia akaleta maji ya kunywa. Hatimaye mama akasema, "Banasema ni miye njo nilivunja muguu ya ule mutoto ku masomo."

Nikamwuliza kama ameisikia sauti inayozunguka. Alikuwa hajaisikia, watu walimpa matusi tu, hakuna aliyempa sauti. Nikamchezea ile iliyokatwa. Alisikiliza kichwa kimeinama, na ilipoisha aliomba aisikie tena.

"Ni sauti yangu," akasema. "Lakini si miye njo nilisema vile."

"Najua. Nimesikia yote kwa yaya yako."

Ndipo akalia. Na katika kulia akaniambia jambo ambalo limenisaidia kuwaelewa watu kuliko semina zote nilizohudhuria. "Ata miye, siku ya kwanza, nilisema ni sindano. Sindano niliiona, Madame. Malaria sikuiona."

Nilimweleza tunavyoweza kufanya. Tungeweza kutangaza kwamba sauti imekatwa, bila jina, bila mtaa, naye akabaki kimya. Hakuwa na deni la kumweleza mtu yeyote. Na akiongea, wapo watakaomtukana zaidi, sikumficha hilo. Alifikiri, akaangalia mlango wake uliomwagiwa maji.

"Sauti yangu ilienda fasi yote bila miye," akasema. "Sasa miye naifwata."

Tulitangaza sauti zote mbili, iliyokatwa na iliyo kamili, moja baada ya nyingine, bila muziki na bila maelezo mengi. Kisha akaongea yeye, maneno machache: kwamba ni yeye, kwamba mtoto aliuawa na malaria, kwamba hakuwahi kusema juu ya shule, na kwamba mtoto mwenye homa asingojwe. Fiston alisimama nyuma ya kioo, na nilimwona akifuta macho kwa mkono wa shati.

Mngependa niseme kwamba mji ulimsikia. Wengine walimsikia. Wengine walisema amelipwa. Wengine walisema huyo ni mwanamke mwingine, sauti ya kweli ni ile ya kwanza. Vikundi vilivyotuma sauti iliyokatwa kwa pupa viliipokea ile kamili kimya, kama mtu anavyopokea habari kwamba alilia kwenye msiba usio wake. Papa Djo ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko redio. Alikwenda kituo cha pikipiki na simu yake, akawachezea madereva mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia: "Sasa utume kule ulituma ile ya kwanza." Wengi walituma. Wachache walikataa, na yeye, aliyekuwa akipanga zamu kituoni, akaacha kuwapa kipaumbele kwenye foleni ya abiria, jambo ambalo si la maadili ya habari lakini sikumkataza.

Directeur Ilunga alifanya lake. Jumapili moja, akiwa bado na bandeji juu ya jicho, alivaa suti, akapita mtaa mzima wa Mama Ketsia kwa miguu, mchana kweupe, akaenda kumpa pole. Alikaa uani kwake mpaka kila jirani alipopata sababu ya kupita. Nasikia alitoa hotuba. Wiki hiyo mwenye nyumba hakuzungumzia tena kuhama, na mtu, sijui nani, alipaka chokaa juu ya lile neno ukutani.

Mama yake Merveille hakusamehe haraka. Alikutana na Mama Ketsia sokoni akageuza uso, na alifanya hivyo kwa muda mrefu. Sikumlaumu. Mtu anapoambiwa kwamba hakuna mhalifu, hasira yake haina pa kukaa. Watoto walirudi shuleni kidogo kidogo, wengine muhula uliofuata, wachache walihamishwa kabisa. Wapima macho walirudi mwaka mwingine. Safari hiyo Directeur aliwaita wazazi kwanza, akawapima macho wao, na ikaonekana kwamba nusu yao walikuwa wakisoma ujumbe wa simu kwa kukisia. Merveille alipona, anachechemea kidogo wakati wa baridi, na sasa yuko sekondari.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, nilipokuwa nikifundisha katika shule ile ile, Mama Ketsia alinipigia simu akauliza kama anaweza kuja darasani. Nilisita. Nikamwambia watoto huuliza maswali yasiyo na huruma. Akasema anajua, analea watoto.

Alikuja amevaa kitambaa kizuri cha kijani. Nilicheza sauti iliyokatwa, wanafunzi wa darasa la sita wakaandika walichoelewa. Nikacheza iliyo kamili, wakaandika tena. Hiyo ni kazi ya darasani ambayo nimeifanya mara nyingi, na kwa kawaida baada yake huja mabishano: nani alikosa, aliyekata, aliyetuma, aliyeamini. Siku hiyo hawakubishana. Walikuwa wanamtazama mwanamke aliyekaa kwenye kiti changu, wakijaribu kuunganisha sauti na uso.

Nikasema kama wana swali wamwulize. Niliogopa watauliza juu ya sindano, au juu ya ukuta. Msichana mmoja wa dawati la mbele akasimama, akakunja mikono nyuma kama wanavyofundishwa.

"Mama, mutoto wako balikuwa banamuitaka nani?"

Sauti ile ilikuwa imepita katika simu za mji mzima, ikakimbiza maelfu ya miguu, na katika muda wote huo, majirani, kinyozi, kwaya, redio, hakuna aliyewahi kumwuliza hilo mbele ya watu. Mimi nililijua jina, lakini halikuwa langu la kulitoa. Mama Ketsia alimtazama yule msichana, kisha akanyoosha mkono nimpe chaki.

Akasimama, akaandika ubaoni polepole, kwa herufi kubwa: Exaucé.

"Ku mwisho iko na accent," akawaambia, akigusa alama iliyo juu ya herufi ya mwisho. "Muiandike muzuri."

Wakaandika.